Idhaa ya Nyotani na Mtambo wa Limuru: Kituo cha Runinga cha Kubuni katika Bunilizi ya Kisayansi na katika Historia ya Kenya

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Kahawa Sukari uko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika, upande wa Ruiru, nao ni jirani wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Chuo hicho kilizaliwa kambini: majengo yake ya awali yalikuwa ya jeshi la Uingereza, yakakabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ili yageuzwe kuwa chuo. Mtu akiyatazama mapaa ya mtaa huo huiona historia ya utangazaji imepigiliwa juu ya mabati na vigae: antena za zamani zilizopinda, madishi ya setilaiti, na nyaya zinazoshuka dirishani hadi kwenye ving'amuzi. Wanafunzi wa fasihi wanaopanga chini ya mapaa hayo wamefunzwa kuihoji riwaya, tamthilia na shairi. Ni nadra wafunzwe kuihoji antena.

Pengo hilo hudhihirika zaidi pale mwanafunzi wa uzamili anapopendekeza kuandika tasnifu juu ya bunilizi ya kisayansi. Jibu analolipata mara nyingi ni kwamba utanzu huo ni wa kigeni, kwamba umezaliwa na viwanda na maroketi ya watu wengine, na kwamba msomi wa Kiswahili hana anachokidai humo. Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo kwa kuchunguza kipengele kimoja tu cha utanzu: kituo cha runinga cha kubuni, yaani shirika la habari linaloishi ndani ya ulimwengu wa hadithi na kuwatangazia wahusika wa hadithi hiyo. Tutakichunguza kwanza pale kilipokomaa, kisha tukilinganishe na historia ya utangazaji nchini Kenya, na hatimaye tuzitazame kazi mbili za Wakenya: riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), na filamu ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009).

Hoja yetu ni kwamba bunilizi ya Magharibi huisimulia runinga kama nyumba iliyotekwa ambayo yaweza kurudishiwa wenyewe. Historia ya Kenya haikuwahi kumpa mtunzi wake nyumba ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo mhusika wa Kikenya hasubiri kituo kikombolewe. Huondoka akaone mwenyewe.

2.0 Kituo cha Runinga kama Mhusika

Skrini inayotawala watu haikuanza juzi. George Orwell, ambaye msomaji wa Kiswahili humfahamu zaidi kupitia Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967), aliiweka katika vyumba vya riwaya yake ya 1949, nayo ilisema na kupeleleza kwa wakati mmoja. Inafaa kukumbuka kwamba kati ya mwaka 1941 na 1943 Orwell alifanya kazi BBC, katika idhaa iliyowatangazia watu wa India. Aliyeibuni skrini hiyo alikuwa ameijua studio kutoka ndani, tena studio ya dola iliyokuwa ikizungumza na watawaliwa wake. Miaka minne baada ya riwaya hiyo Ray Bradbury, katika Fahrenheit 451, aligeuza kuta za sebule kuwa skrini, na mke wa mhusika mkuu akawaita watu wa kwenye kuta hizo jamaa zake. Kwa Orwell skrini hulazimishwa. Kwa Bradbury hununuliwa kwa hiari. Katika kazi zote mbili, hata hivyo, shirika lenyewe halina sura. Hatuwajui watangazaji wake wala hatuoni zamu zao.

Sura hiyo ilikuja na tamthilia ya runinga ya Marekani iitwayo Babylon 5, iliyobuniwa na J. Michael Straczynski. Filamu yake ya utangulizi ilionyeshwa mwaka 1993, na misimu yake mitano ikaendelea kuanzia 1994 hadi 1998. Hadithi inatokea katika karne ya 23, kwenye kituo cha angani wanakokutana wajumbe wa binadamu na wa viumbe wa sayari nyingine. Ndani ya ulimwengu huo mna shirika la habari liitwalo ISN, linalorusha habari zake kutoka Duniani hadi makoloni ya binadamu yaliyotapakaa nyotani. Mwanzoni ISN ni pambo la mandhari tu: sauti inayosikika nyuma ya mazungumzo, uso wa mtangazaji katika kioo kilichoko pembeni. Taratibu pambo hilo linageuka kuwa mhusika mwenye maisha yake, na maisha hayo yana hatua nne.

Hatua ya kwanza ni ile ya mwaka 1995, pale sehemu nzima ya tamthilia ilipotolewa kwa umbo la kipindi cha ISN. Mwandishi wa habari anakizuru kituo cha angani, anawahoji wakubwa wake, na katikati kunapita tangazo la biashara la shirika la watambuzi wa mawazo, lenye maneno yanayomulika kwa kufumba na kufumbua. ISN hapa bado ni huru, lakini mtunzi ametuonya: hata kituo huru huuza nafasi kwa wenye nguvu. Hatua ya pili ni ya 1996. Rais wa Dunia ametangaza sheria ya kijeshi. Watangazaji wa ISN wanaamua kusema waliyokatazwa kuyasema, milipuko inasikika studioni, na picha inakatika. Sehemu hiyo ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1997.

Hatua ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. ISN inarudi hewani mikononi mwa serikali, na katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 1997 mwandishi wake, Dan Randall, anafika kwenye kituo cha angani ambacho sasa kimejitenga na Dunia. Anajieleza kuwa mtu aliyebanwa, atakayejitahidi kupenyeza ukweli kidogo. Wenyeji wake wanamwamini kwa shida, wanamwonyesha mambo, wanahojiwa. Kisha sisi watazamaji tunakionyeshwa kipindi kama kilivyotangazwa: majibu yamekatwa yakaungwa na maswali mengine, na wagonjwa waliohifadhiwa katika majokofu ili waokolewe wanaelezwa kuwa wahanga wa majaribio maovu. Hatua ya nne, mwishoni mwa msimu huohuo, dikteta anaanguka na ISN inakombolewa, ikarudi katika kazi yake ya awali.

Tuichunguze hatua ya tatu kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayobeba nadharia nzima ya kazi hii. Mtunzi ametuonyesha mahojiano mara mbili: yalivyokuwa na yalivyotangazwa. Uongo unaonekana kwa sababu tumeketi mahali ambapo raia wa Dunia hiyo hana kiti. Yeye ameona kipindi cha pili tu. Hasira yetu inatokana na upendeleo huo tuliopewa, na tumaini letu pia: tukiujua ukweli uliofichwa, tunaamini kwamba siku moja utarudi hewani. Hatua ya nne inalithibitisha tumaini hilo. Muundo mzima, basi, ni wa kutekwa na kurejeshwa, nao unasimama juu ya dhana moja isiyotamkwa: kwamba kulikuwa na wakati ambapo kituo kilikuwa chetu.

3.0 Nyumba Isiyokuwa na Mwenyewe

Je, dhana hiyo ina msingi wowote katika historia yetu? Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, kwa lugha yao na juu ya mambo yao. Mwafrika alianza kutangaziwa kwa uzito wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa wanawe walikuwa vitani na serikali ya kikoloni ilitaka familia zisikie habari zilizopimwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza msikilizaji wa Kikenya aliingizwa katika idhaa kama mtu wa kuambiwa.

Runinga ilifuata mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na nguvu zake zilifika maili 15 hivi tu. Maelezo haya yana uzito kwa mhakiki. Chombo kilichokuja kuitwa sauti ya taifa kilianzia katika shamba la nyanda za juu, kikimulika duara dogo lenye Nairobi ndani yake, wakati wengi wa wananchi wenye nchi hawakuwa na umeme wala kioo cha kutazamia. Mnamo Julai 1964 serikali ya Kenya huru ililitaifisha shirika la utangazaji, likawa Sauti ya Kenya chini ya Wizara ya Habari. Wenye nyumba walibadilika. Kiti cha mtazamaji kilibaki palepale.

Agosti 1, 1982, wanajeshi wa Jeshi la Wanahewa waliojaribu kuipindua serikali waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi. Mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela alichukuliwa na kulazimishwa kuutangazia umma kwamba serikali imepinduliwa. Baada ya saa chache majeshi yaliyotii serikali, yakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, yaliikomboa nyumba ya utangazaji, na wananchi wakaarifiwa kwamba serikali ingali imara. Linganisha na ISN ya 1996. Katika tamthilia, askari wa dola wanaivamia studio ili kuwanyamazisha wanaosema kweli. Katika historia, sauti ileile iliyozoeleka majumbani ilitumiwa na mkono mwingine, kisha idhaa ikarejea kwa mkono wa kwanza. Msikilizaji aliyekuwa Ruiru au Thika asubuhi hiyo hakuonyeshwa mahojiano mara mbili. Alisikia tangazo, kisha tangazo lililolikanusha, na hakuwa na njia ya kupima lolote kati ya hayo ila kutoka nje atazame barabara, au kubaki ndani kwa kuogopa risasi.

Mwaka 1989 Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na mwaka uliofuata KTN ikazaliwa, kituo cha kwanza cha runinga nchini kisichokuwa cha serikali. Wakazi wa Nairobi na viunga vyake, Kahawa ikiwamo, walipata kwa mara ya kwanza habari za vinywa viwili. Mtu aliyezoea taarifa ya habari inayofunguliwa na shughuli za Rais aliweza sasa kubadilisha kituo akaona siku hiyohiyo imepangwa vingine. Hapo ndipo mtazamaji wa Kenya alipokaribia kupewa kile kiti ambacho mtazamaji wa Babylon 5 huketi. Tunasema alikaribia, kwa maana kuona taarifa mbili si sawa na kuliona tukio lenyewe, na kwa maana sehemu kubwa ya nchi ilibaki na kituo kimoja.

Wingi wa vituo uliofuata haukuiondoa swichi. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru Februari 1 yarudishwe, lakini siku kadhaa zikapita vioo vikiwa vitupu. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya vituo vikubwa yakakatwa, hadi mahakama iliposimamisha amri hiyo. Katika siku hizo zote mbili waliotaka kujua yaliyokuwa yakitendeka waliyafuata kwa simu, au walikwenda wenyewe. Tabia hiyo ya kwenda ndiyo tunayoikuta katika bunilizi.

4.0 Wanaoondoka: Dzombo na Asha

Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, aliichapisha Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo katika nchi ya kiimla, na kifo chenyewe ni kutiwa katika chombo cha angani na kurushwa asirudi. Chombo kinamfikisha kwenye sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa na utu, naye anakuwa mgeni anayeuliza na kufafanuliwa. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama njozi ya jamii kamilifu na kama fumbo juu ya Kenya ya wakati wake. Jina la sayari likikatwa linasema lenyewe: wale ni sisi.

Usomaji huo ni sahihi, ila unaweza kusogezwa hatua moja mbele. Adhabu ya Dzombo ni kutolewa katika upeo wa yale ambayo nchi yake imeruhusu yaonekane. Dola inadhani kwamba nje ya upeo huo hakuna kitu ila mauti. Huko nje, kumbe, ndiko kwenye jamii ambayo dola ingependa raia wasiijue hata kwa uvumi. Hukumu ya kifo inageuka kuwa ruhusa ya kuona.

Katika Pumzi, filamu ya dakika 21 hivi, muundo huohuo unarudi kwa umbo jingine. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji, watu wanaishi katika makazi yaliyofungwa yaitwayo Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama. Asha anatunza makumbusho ya mimea iliyokwisha kufa. Ndoto hukandamizwa kwa vidonge. Mazungumzo ya mdomo ni haba, na Baraza linalotawala humfikia Asha kupitia kioo, likimweleza kwamba nje kumekufa. Siku moja anapokea udongo ambao vipimo vinaonyesha kuwa una uhai. Anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa, anatoroka. Jangwani anapanda mche, anaupa maji yake ya mwisho, na mwili wake unakuwa kivuli cha mche huo.

Tofauti na Babylon 5 inajitokeza waziwazi. Katika kazi hizi mbili hakuna anayejaribu kuiteka studio. Hakuna mtangazaji jasiri anayetobolea ukweli kabla ya picha kukatika, wala mandhari ya mwisho ambamo kioo kinawaka tena na uso uliozoeleka unarudi. Baraza la Maitu halikuwahi kuwa na enzi ya uaminifu ambayo yafaa irejeshwe. Mhusika anainuka mbele ya kioo na kukiacha kikisema peke yake. Waswahili husema tembea uone, na hapa methali imepandishwa cheo ikawa njama ya hadithi.

Mhakiki anaweza kutupinga kwa njia mbili. Kwanza, atasema, safari ya mtu anayefika nchi ya ajabu ni kongwe kuliko runinga, na ngano zetu zimejaa safari hizo. Tunakubali. Lakini msafiri wa ngano hutumwa kutafuta dawa, mke au hazina. Dzombo na Asha wanavuka mpaka uliowekwa na kauli rasmi juu ya nje palivyo, na kila wanachokiona huko ni jibu kwa kauli hiyo. Pili, atatukumbusha kwamba hata Dan Randall alisafiri. Alifika, akaona kwa macho yake, kisha akarudi kudanganya. Hoja hii ni nzito zaidi, nayo inaufichua upungufu wa kazi zetu wenyewe. Macho hayana pazia, lakini kuona kwa mtu mmoja si tangazo. Asha anafia chini ya mche wake, na filamu haituambii kwamba kuna mtu wa Maitu aliyeliona jani lake. Ushahidi ambao hauna wa kuupokea waweza kuwa mzuri kwa sanaa na hafifu kwa siasa.

Hapa ndipo Babylon 5 inapotushinda. Hata kama imani yake katika usafi wa awali haitufai, imeidhukuru studio: nani huketi wapi, nani hukata picha, nani hununua nafasi ya tangazo. Bunilizi yetu imelifahamu vyema gereza na mlango wake. Bado haijabuni kituo.

5.0 Hitimisho

Historia, lakini, imewahi kutangulia pale ambapo bunilizi haijafika, na ilifanya hivyo Limuru kwenyewe, kulikowekwa mtambo wa 1962. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijijengea ukumbi wa wazi na kuigiza humo, kwa lugha yao, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waigizaji walikuwa wafanyakazi na wakulima wa hapohapo, na mtazamaji aliweza kuwa jirani, mke au mwajiriwa mwenza wa anayetazamwa. Leseni iliondolewa mwezi Novemba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini Desemba, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Dola iliyokuwa na mtambo wa kuifikia nchi nzima iliogopa jukwaa lisilokuwa hata na waya.

Iliogopa kwa sababu gani? Runinga, tangu ile ya shambani hadi ISN ya kubuni, husimama juu ya mgawanyo wa wale wanaoonyeshwa na sisi tunaotazama, na mwenye swichi ndiye anayeamua nani awe wale. Kamĩrĩĩthũ iliufuta mgawanyo huo kwa majuma machache. Miaka 18 baadaye Mkangi aliupa ufutaji huo jina la sayari. Tukilisoma jina hilo kwa jicho la historia ya utangazaji, Walenisi yaweza kuwa zaidi ya nchi ya njozi: ni ufafanuzi wa chombo cha habari ambacho hatujawa nacho, ambamo anayeonekana na anayetazama ni watu wamoja.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kahawa Sukari anayetaka kuandika tasnifu juu ya bunilizi ya kisayansi hakimbilii fasihi ya wageni. Utanzu huo unauliza swali ambalo limeulizwa nyumbani kwao mwaka 1962, 1982, 2018 na 2025, kila mara kwa gharama. Anachoweza kuwadai watunzi wetu ni kwamba, baada ya Dzombo kufika na Asha kupanda mche, mtu fulani abuni pia namna habari hizo zitakavyorudi nyumbani bila kupitia mikono ya Randall.